Oili Mpya ya Mzee Kimaiyo

Watu wanaokaa Molo mjini hupenda sana kulalamika juu ya baridi. Mimi huwasikiliza na kunyamaza, kwa sababu nikifungua mdomo nitawatukana. Waje huku juu kwetu, karibu na msitu, walale siku moja tu, kisha waniambie baridi ni nini. Huku kwetu nyasi huamka nyeupe kwa jalidi, maji ya ng'ombe hufanya ganda juu, na ukimsalimia mtu kabla jua halijatoka anakujibu kwa kichwa.

Ni baridi hiyo iliyommaliza mzee Kimaiyo. Yeye mwenyewe hawezi kusema hivyo, maana si mtu wa kulaumu. Basi mimi ninalaumu kwa niaba yake.

Jina langu ni Nerima. Babu yangu alitoka Bungoma kufuata kazi ya reli, akakwama huku, na sisi tukakwama naye. Nafuga ng'ombe na kulima viazi, na shamba langu limepakana na la Kimaiyo. Kwa miaka mingi maziwa yangu yamebebwa na yeye, kama ya kila mtu kwenye hii barabara yetu ya matope. Alikuwa na Pijo, pikapu ya zamani ambayo rangi yake ilikuwa ya buluu enzi za ujana wetu. Kila asubuhi alisimama katika kila lango, akatumbukiza kipimo ndani ya mtungi kuona kama mwenye ng'ombe ameongeza maji, akapakia, akaendelea. Mwisho wa safari ni mjini, kwenye tangi la baridi la chama chetu cha maziwa.

Na hakubeba maziwa peke yake. Ukitaka dawa ya kupe, unamwambia Kimaiyo. Mama akishikwa na uchungu, ni Pijo. Habari za ng'ombe wa nani amezaa ndama jike na nani amegombana na mkaza mwana wake zilisafiri pamoja na mitungi, na nyingi zilifika mjini zikiwa bado moto. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini masikio yake yalikuwa hayalali. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Hakujua nyingine wala hakutaka nyingine.

Sasa, maziwa hayangoji mtu. Yakichelewa yanachacha, na tangi likiyakataa, mwenyewe atawapa mbwa au atamwaga. Kwa hiyo chama kina sheria moja kali: mbebaji akiharibu maziwa ya watu, njia inapewa mwingine. Sheria hiyo haina huruma, na tuliipitisha sisi wenyewe kwa kuinua mikono. Kimaiyo alikuwa mmoja wa walioinua.

Shida ya Pijo ilikuwa asubuhi. Injini yake ilikuwa imezoea oili nzito, ile ya zamani, na kwa baridi yetu oili hiyo hulala kama uji wa jana. Ukiwasha, gari linalia, linalia tena kwa uvivu, kisha betri inakata tamaa. Wenye magari makuukuu huku juu wana dawa yake. Wanawasha jiko la makaa na kulisukuma chini ya tumbo la injini mpaka oili ilainike. Mgeni akiona moto chini ya gari hupiga mayowe. Sisi huwa tunamcheka.

Nyumbani kwa Kimaiyo kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Jepkemei, tunayemwita Mama Abby. Mzee alikuwa kwenye zizi akikamua, na yeye alikuwa kwa jiko. Alilipuliza mpaka makaa yakashika, akalisukuma kwa fimbo chini ya Pijo, ambayo ililala chini ya mabati kando ya ukuta wa jikoni. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusimama bure, aliinua boneti, akachomoa ile fimbo ya kupimia oili, akaifuta kwa pindo la leso, akairudisha, akaichomoa tena na kuangalia. Ikiwa chini aliongeza. Kisha aliibamiza boneti kwa nguvu na kuita, "Baba Abby, iko tayari!" Mzee alitoka zizini na mtungi wake, akaingia, akawasha, akaenda zake. Sisi majirani tulikuwa hatuhitaji saa. Boneti ikilia tunajua tumechelewa kukamua.

Mama Abby alianza kukohoa wakati wa mvua ndefu, na mvua ikaisha kikohozi hakijaisha. Ikafika mahali akitembea kutoka jikoni hadi zizini anasimama katikati kushika kiuno. Kifua kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Binti yao Abby, ambaye anauza bima Nakuru, alikuja kumchukua akampeleka hospitali huko. Daktari alisema ni moshi. Miaka yote ya moshi. Akasema hakuna jiko tena, hakuna kuni tena, na kama hawatasikia, basi wajiandae. Hakusema wajiandae kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Abby akanunua meko ya gesi, na upande wa jikoni ukawa umekwisha. Upande wa Pijo ukabaki. Kimaiyo alijaribu kuwasha jiko mwenyewe, lakini Mama Abby alipomsikia akihangaika huko nje aliamka na kutoka. Aliniambia hawezi kulala akisikia mtu anaharibu makaa. Na hata asipotoka, moshi uliingia kwa mbao za ukuta ukamfuata kitandani. Mzee akahamisha gari hadi karibu na lango, ambako jalidi ni baya zaidi. Akajaribu kuwasha bila jiko, betri ikafa, tukamsukuma wote tukiwa na gamubuti na hasira. Maziwa yalifika mjini yakiwa yamebakisha kidogo kukataliwa. Mwenyekiti wa chama, Truphosa, mama ambaye hajui kutabasamu bila sababu, alimwambia mbele ya watu, "Mzee, hiyo nimeona. Isirudi."

Hapo ndipo habari ya oili ilipoanza.

Abby ndiye aliyesoma kwenye simu kwamba kuna oili ya sinthetiki ambayo haigandi kwa baridi. Alikuja na babake hadi kwa fundi Odero, mjini. Mimi nilikuwa ndani ya Pijo nikienda sokoni, na kwa kuwa sina haya nilishuka nikasimama kusikiliza.

Odero ni fundi wa siku nyingi, baba yake pia alikuwa fundi wa reli. Alipoambiwa habari hiyo alijikuna kichwa.

"Hii kitu ni mzuri," akasema. "Kwa baridi yenu ya huko juu, ni mzuri kabisa. Utawasha na moja. Lakini mzee, gari yako ni mzee kama sisi. Sili za hiyo injini, zile raba za kuzuia oili, zimeisha. Unajua ni nini imezuia oili isimwagike? Ni uchafu. Ule uchafu mweusi umeshikana huko ndani miaka yote. Hii oili mpya ni nyepesi, alafu inaosha. Ikiosha, kuna mahali itapata njia ya kutoka."

"Kwa hivyo haifai?" Abby akauliza.

"Sijasema haifai. Kuna ya gari mpya, hiyo usiguse. Kuna ingine ya injini zimetembea sana, iko na dawa ya kulainisha sili, na sio nyepesi sana. Tuweke hiyo. Tubadilishe filta mapema, kwa sababu uchafu utajaa hapo. Na mzee, sikia hii." Odero aliushika mkono wa Kimaiyo, kama mtu anayeaga. "Uangalie oili kila asubuhi. Sio leo na wiki ijayo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha. Ikishuka unaongeza. Ukifanya hivyo, Pijo itatuzika sisi wote."

"Hiyo haina shida," Kimaiyo akasema. "Kwetu oili huangaliwa kila asubuhi."

Na alikuwa anasema ukweli. Kwao iliangaliwa kila asubuhi. Nilimsikia kwa masikio yangu na sikuona kasoro yoyote, wala Odero, wala Abby. Walichagua vizuri. Mpaka leo mtu akiniambia eti oili za kisasa ndizo zilizoua ile gari, tunakosana. Waliuliza, wakasikiliza, wakachagua ile iliyofaa. Oili ya zamani ikamwagwa kwenye debe, na mzee akaipaka nguzo za zizi ili mchwa wasizile.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nakamua nikasikia Pijo ikiwaka. Haikulia. Iliwaka tu, mara moja, kama gari la mtu mwenye pesa. Boneti haikuwa imebamizwa, na kwa hiyo nilikuwa nimechelewa, nikakimbia na mtungi hadi langoni nywele zikiwa hazijafungwa. Kimaiyo alikuwa anacheka. Sijui kama niliwahi kumwona akicheka kabla ya jua kutoka.

"Nerima, analala!" akaniambia. "Nimemwambia asiamke. Nimemwambia alale mpaka jua lichome dirisha. Na amelala!"

"Wewe umekuwa mzungu, mzee," nikamtania. "Mke analala na wewe unakamua."

"Wacha alale. Amewasha jiko ya kutosha."

Zilikuwa siku nzuri. Nalazimika kusema hivyo ingawa zinaniuma. Mama Abby alianza kunenepa usoni. Kikohozi kilipungua, akawa anakuja kwangu mchana bila kusimama njiani, tunakaa tunamenya viazi na kuwasema watu. Mzee alipita kila asubuhi kabla ya wakati, mpaka wavivu wakalalamika. Hata Truphosa alimsifu mkutanoni, na hiyo si kitu kidogo.

Na kila asubuhi Kimaiyo alitoka zizini na mtungi wake, akaingia, akawasha, akaenda zake, kama alivyofanya maisha yake yote. Boneti hakuigusa. Hakuwahi kuigusa asubuhi. Haikuwa kazi yake. Ilikuwa ndani ya ile kazi ya jiko, na jiko lilikuwa limekwisha. Hakupuuza. Kichwani mwake oili ilikuwa inaangaliwa, kwa sababu ilikuwa imeangaliwa siku zote.

Mvua zilikuwa zimeanza tena, na uwanja wake ulikuwa tope tupu, kwa hiyo hata oili ikidondoka chini ya gari hakuna ambaye angeiona. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikuwa imekufa tangu zamani, na nani angeitengeneza wakati Mama Abby yupo? Oili ikawa inaosha uchafu kama Odero alivyosema, ikapata njia kama Odero alivyosema, ikatoka polepole, tone kwa tone, kwenye matope.

Pijo ilinoki kwenye kile kilima cha kutoka mtoni, ikiwa imebeba maziwa ya barabara nzima. Mzee anasema ilianza kugonga ndani kama mtu anayepiga nyundo kwenye debe, na kabla hajapata pa kuegesha ikasimama na kukataa kabisa. Ilirudi nyuma kidogo, akakanyaga breki, akashuka akaweka mawe. Alipiga simu kwa kila mtu. Waliokuwa na magari walikuwa wameenda na viazi. Bodaboda ziliweza mitungi michache tu, na kwa matope yale mwingine ulianguka ukamwagika. Na siku hiyo, siku hiyo kati ya siku zote, jua letu ambalo hatulionagi likatoka mapema likawaka. Alikata matawi ya miti akaifunika mitungi kwa majani. Akavua koti lake akafunika mingine. Nilifika nikamkuta amesimama katikati ya mitungi na shati tu, anaisogeza kufuata kivuli.

Tangi liliyakataa yote. Mitungi ilirudi jioni kwa kila mwenyewe na harufu yake.

Mama Abby alinituma niende na mzee kwa Odero, kwa sababu alijua mzee hatamwambia kitu. Pijo ilivutwa hadi huko kwa kamba. Odero alichomoa ile fimbo ya kupimia. Ilitoka kavu. Aliifuta hata hivyo, kwa mazoea, akairudisha na kuichomoa tena, na bado ilikuwa kavu. Akainama chini, akatazama, akapaka kidole mahali fulani na kukiangalia. Alipoinuka hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mzee," akauliza kwa sauti ya chini, "ni nani alikuwa anaangalia oili?"

Kimaiyo akafungua mdomo kujibu. Nilimwona. Alikuwa na jibu tayari, lilikuwa mdomoni, jina la mkewe. Kisha akalisikia mwenyewe kabla hajalitoa. Alifunga mdomo. Alishika ukingo wa boneti kwa mikono miwili, akainamisha kichwa ndani ya injini kana kwamba anatafuta kitu humo. Odero alienda akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangwa.

Injini ilikuwa imekwisha, haina cha kuokolewa. Na injini nyingine si kitu cha kufikiria kwa mtu ambaye njia yake inaondoka.

Mkutano wa chama ulikuwa mfupi. Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba huyu ni mzee aliyebeba watoto wetu hospitali, na kama sheria haioni hilo basi sheria ni kipofu na wanaoishika ni vipofu. Truphosa akaniambia nikae. Nikakataa kukaa. Akaniuliza kwa upole, na upole wake uliniudhi zaidi, kama mimi ndiye nitakayewalipia watu maziwa yao. Nikakaa. Wakauliza nani anakubali njia ipewe Jerry, kijana wa kule mtoni mwenye pikapu ya juzi juzi. Mikono ikapanda mmoja mmoja, kwa aibu. Mkono wa Kimaiyo ulipanda pia.

"Baba Abby, shusha mkono!" nikamwambia.

"Tulikubaliana hivyo," akasema. "Nikishusha yangu, ile niliinua tukipitisha sheria ilikuwa ya nini?"

Siku za kwanza alipanda na Jerry kumwonyesha malango. Huyu ng'ombe wake anakamuliwa kwa kuchelewa, mpigie honi. Huyu anaongeza maji siku za karibu na ada za shule, pima vizuri. Huyu ni mjane, mshushie mtungi mwenyewe. Jerry si kijana mbaya. Alimsikiliza vizuri. Siku alipojua njia yote alimshukuru, akamshusha nyumbani kwake, na asubuhi iliyofuata hakusimama kwake isipokuwa kuchukua maziwa.

Nilienda kumwona Mama Abby. Nilimkuta ameketi nje kwenye jua, amenawiri, mikono ikiwa mapajani. Mikono ile sijawahi kuiona imekaa bure. Aliniambia nikae, na kabla sijakaa akasema, "Nerima, aliniambia nilale, nikalala."

Nikamwambia si kosa lake. Nikamwambia maneno mengi.

"Ningeamka tu dakika kidogo," akasema. "Hakuna moshi kwa boneti. Ningeangalia, nirudi nilale. Lakini ile usingizi ilikuwa tamu. Sikuwa nimelala hivyo tangu niolewe." Akajifuta macho na leso. "Usimwambie kama najua ni oili iliisha. Yeye anafikiri sijui. Anaficha, ili nisisikie vibaya."

Nilirudi nyumbani nikalia peke yangu zizini. Nilikuwa nimekasirika na sikujua nimkasirikie nani. Watu wawili wanapendana, kila mmoja anamlinda mwenzake, na nyumba ile imenyamaza kama ya matanga.

Siku hizi mimi na Kimaiyo tunangoja pamoja, kwa sababu Jerry husimama mara moja tu kati ya malango yetu mawili. Mzee hufika kabla yangu, hata nikijitahidi vipi. Amezeeka. Anasimama na mtungi wake miguuni, na Jerry akija anatumbukiza kipimo ndani ya maziwa yake na kukitazama, na mzee anatazama pembeni.

Juzi tukingoja nilimuuliza mzee, Mama Abby anaendeleaje.

"Amepona," akasema. "Kabisa. Daktari mwenyewe ameshangaa."

"Mungu ni mwema," nikasema.

 Alitazama barabara kule chini, ambako Jerry alikuwa bado hajaonekana.

"Nerima, mimi huamka ile saa yangu ya kawaida. Siwezi kulala tena. Nakaa hapo kwa kitanda nikimsikiliza vile anapumua. Hakohoi. Ile kitu ilikuwa inalia kwa kifua imeisha. Anapumua kama mtoto." Akausogeza mtungi wake kwa mguu. "Na kila asubuhi nikisikia hivyo, nasikia uchungu. Nasikia kama heri angekuwa anakohoa, na mimi niko na gari. Unaweza kuniambia, ni mtu wa aina gani anaweza kusikia vibaya kwa sababu bibi yake anapumua?"

 Jerry alipofika nilimpa mtungi wangu, Kimaiyo akampa wake, na kila mtu akarudi kwake.